Kaya Fungo nayo yastahili riwaya
Nazipenda riwaya za kihistoria za misitu ya Uingereza kwa sababu watunzi wake huujua msitu mti kwa mti. Lakini sisi wa Kilifi tuna msitu wenye kisa kizito: Kaya Fungo, kaya (makao matakatifu ya mababu msituni) ya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda. Huko, mwaka 1913, Wagiriama walikula kiapo pamoja na kiongozi wao, Mekatilili wa Menza, wakakataa kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1914 wakoloni Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. UNESCO imeitambua tangu 2008 miongoni mwa kaya takatifu za Mijikenda. Watunzi wetu, kaeni na wazee wa kaya mngali mnao, muandike. Mtoto wa Kaloleni, kwetu Kilifi, aisome historia hiyo kwa Kiswahili.