Insha ya Senene Isiyo na Msomaji

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Nshambya, mpwa wangu wa darasa la tano alinionyesha daftari lake la insha. Mada aliyopewa: safari yangu ya Dar es Salaam. Mtoto huyu hajawahi kutoka nje ya Mkoa wa Kagera. Alitunga kurasa mbili za uongo mtamu, akawekewa vema, daftari likafungwa. Jioni hiyohiyo akanisimulia jinsi yeye na wenzake wanavyokamata senene chini ya taa, nani hufukuzwa, na jinsi bibi yake anavyowakaanga. Nikamwuliza mbona hakuandika hayo.

"Mjomba, nani atasoma?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi mwenyewe sikujifunza kuandika Kiswahili cha kusomeka kupitia tasnifu ya uzamivu (waliyoisoma, nakiri, hawajai daladala), bali kupitia blogu. Nilianza na Jikomboe ya Ndesanjo Macha, enzi ambazo blogu ziliitwa magazeti tando. Baadaye nikajua milisho ya RSS: badala ya kuzunguka kurasa thelathini kila asubuhi, programu moja huniletea makala mpya tu, nikazisoma hata mtandao ukikatika. Na miongoni mwa walioandaa toleo la RSS la mwaka 2000 alikuwamo Aaron Swartz, kijana wa Kimarekani wa miaka 14.

Darasani, jambo hili halihitaji maabara ya kompyuta. Simu moja ya mwalimu inatosha. Waliosoma zamani wanalikumbuka gazeti la ukutani. Blogu ya darasa ni gazeti lilelile, ila limevuka ukuta. Watoto wa Nshambya waandike kuhusu senene. Mwalimu wa Muleba aipokee insha hiyo kwa mlisho, aisome kwa sauti au ainakili ubaoni, na watoto wake wabishe kwamba kwao hawakamatwi hivyo. Mtoto akishabishiwa na mtu asiyemjua, ataona mwenyewe kwa nini nukta huwekwa pale inapowekwa.

Nilipomweleza hayo mwalimu mkuu mmoja, alicheka. "Daktari, unataka niandikiwe barua ya kujieleza?"

Hofu yake ina historia. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe jumla ya shilingi 2,100,000 kwa maombi, leseni na ada ya mwaka. Aliyekaidi alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Juni mwaka huo hata JamiiForums ilisitisha huduma kwa muda. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo na ada zikapunguzwa, lakini mtumishi wa umma hukumbuka adhabu kuliko marekebisho.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa ndugu zangu mlioko wizarani na TCRA: toeni waraka wa ukurasa mmoja, useme bayana kwamba blogu ya darasa isiyo ya biashara haihitaji leseni. Wekeni masharti: mwalimu asome kwanza, majina kamili na picha za watoto visiwekwe, wazazi waridhie, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Msimu wa senene huja Novemba. Mpwa wangu ameshaanza kuandika, kwa penseli, nyuma ya daftari la hisabati.