Sarafu Zisizonunua Kitu

Kazi ya pesa, kama ajuavyo kila mkulima na kila karani, ni kununua. Hata hivyo ziko sarafu za fedha ambazo hakuna duka katika nchi yo yote linalolazimika kuzipokea, na bado wako watu wanaozitafuta na kuzinunua.

Sarafu hizo hupigwa na Shirika la Mtakatifu Yohane, liitwalo pia Shirika la Malta. Lilianza Yerusalemu katika nyumba ya kutunza mahujaji na wagonjwa, likathibitishwa na Papa mwaka 1113. Baadaye watawa wake walishika silaha, wakatawala kisiwa cha Rhodes, kisha Malta tangu 1530. Napoleon aliwaondoa Malta mwaka 1798, na tangu 1834 makao yao yako Roma. Nchi ya kutawala hawana tena, lakini kazi ya kuwahudumia wagonjwa hawakuiacha.

Mwaka 1961 Shirika lilianza tena kupiga sarafu kwa hesabu yake ya zamani: grani 20 ni tari moja, na tari 12 ni skudo moja. Skudo 5 na 10 ni za dhahabu; skudo 1 na 2 ni za fedha; grani 10 ni za shaba. Zimekuwa kumbukumbu, wala si pesa za sokoni.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Katika siku za Jean de Valette, Mkuu wa Shirika aliyeilinda Malta katika vita vya 1565, zilipigwa sarafu za shaba zenye picha ya mikono miwili iliyoshikana na maneno ya Kilatini, *Non Aes Sed Fides*, yaani, si shaba bali uaminifu. Shaba ile ilipokewa kwa sababu aliyeitoa alikuwa na nchi, na neno lake lilikuwa dhamana. Sarafu ya leo ni ya fedha, lakini dhamana hiyo haina.

Kwa hiyo anayetaka kuikusanya asitazame hesabu iliyoandikwa juu yake. Na apime uzito wake, aulize usafi wa fedha yake, na achungue kama ni adimu. Tena ajihadhari, kwa maana wako watu waliojitwalia jina linalofanana na la Shirika hili ili kujipatia heshima na mali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Akiisha kuipata, aishike kwa ukingo, aiweke mahali pakavu, wala asiisugue kwa majivu ili ing'ae. Weusi wa fedha iliyokaa si kasoro. Mikwaruzo ndiyo ipunguzayo bei. Na pesa ya karo au ya mbegu isiguswe kwa ajili yake, kwa kuwa siku ya shida hakuna mwenye duka atakayeipokea.