Skauti si Gwaride Tu



Mwezi huu siandiki juu ya malaria wala chanjo. Nataka tuzungumze juu ya watoto ambao wengi wetu tunawaona siku za sikukuu tu: wale wenye skafu shingoni, wanaopanga watu kwenye foleni na kupiga saluti Baba Askofu anapowasili parokiani. Tunawapigia vigelegele, kisha tunarudi nyumbani. Ukimwuliza mzazi kama angependa mwanawe ajiunge nao, mara nyingi atajibu, "Hapana, yale ni mambo ya kijeshi. Mtoto asome kwanza."

Mimi nina maoni mengine. Naona kwamba skauti ni jambo la afya, na mzazi anayelikataa bila kulifahamu anamnyima mtoto wake kinga. Lakini pia yule anayempeleka mtoto bila kuuliza swali hata moja anakosea. Nitaeleza yote mawili.

Katika wodi ya watoto tunapokea watoto wengi walioungua kwa uji, chai au mafuta ya kukaangia. Mara nyingi kazi yetu ya kwanza ni kuondoa vitu walivyopakwa nyumbani: dawa ya meno, unga, hata udongo. Waliovipaka walikuwa na upendo mwingi, ila hawakuwa na maarifa. Siku moja aliletwa mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa chai ya moto mkononi. Mama alikuwa sokoni. Kaka yake wa miaka 12 alimvua shati upesi, akaumiminia mkono maji safi ya baridi kwa muda mrefu, akaufunika kwa kitambaa safi, akamwita jirani. Hakupaka kitu chochote. Nilipomwuliza ni nani aliyemfundisha, alijibu, "Tulifundishwa skauti, mama." Mkono ule ulipona vizuri. Tangu siku hiyo naitazama skafu kwa macho mengine.

Tuanze basi na asili yake. Skauti ilianzishwa na Mwingereza Robert Baden-Powell. Mwaka 1907 aliwakusanya wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa maskini pamoja, katika kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake, na mwaka 1910 wasichana nao wakapata chama chao, Girl Guides. Ni kweli kwamba mwanzilishi alikuwa askari. Lakini katika kambi ile watoto hawakufundishwa vita. Walifundishwa kupika, kutunza usafi wa kambi, kutazama mazingira na kuokoa maisha. Mzee huyo alimalizia siku zake kwa jirani zetu, Nyeri nchini Kenya, alikofariki Januari 8, 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo.

Wengine huuliza kama jambo hili linapatana na imani yetu. Katika ahadi yake, skauti huanza na wajibu wake kwa Mungu, ndipo hufuata nchi yake na jirani yake. Padre Mjesuiti wa Ufaransa, Jacques Sevin, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha skauti Wakatoliki wa nchi hiyo mwaka 1920. Mwaka 2012, wakati wa Papa Benedikto XVI, Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu anayestahili heshima. Kwa hiyo mzazi asiogope kwamba mtoto atatolewa kanisani. Skauti mzuri atatumikia altareni na kuja kwenye Utoto Mtakatifu kama kawaida.

Sasa tuje kwenye afya. Wito wao ni "Uwe Tayari". Kundi likiongozwa vizuri, mtoto wa miaka 11 au 12 anaweza kujua mambo haya ambayo watu wazima wengi hatuyajui:

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Anayetoka damu puani ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15; asilazwe chali. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembee, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala kufungwa kamba kwa kukaza. Mtoto anayeharisha, ikiwa pakiti za dawa ya maji na chumvi hazipo, atengenezewe maji safi lita 1 yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Na ile skafu tunayoidhania pambo, ukiikunja pembe tatu, inaning'iniza mkono uliovunjika.

Zaidi ya hayo, watoto hukaa katika vikundi vidogo vya 6 hadi 8, na kiongozi wa kikundi ni mtoto mwenzao. Hapo anayezoea kutumwa hujifunza kupanga, na anayezoea kutuma hujifunza kuosha sufuria. Hujifunza kuchimba shimo la taka, kunawa mikono na kuchemsha maji ya kunywa bila kusukumwa. Sisi tunahubiri mambo haya kliniki miaka yote. Mtoto huyaleta nyumbani kwa wiki moja.

Lakini sasa naomba tusikilizane. Binti yangu alipokuwa na miaka 11 aliniomba ruhusa ya kwenda kambi ya siku tatu. Nilimkataza, wala sikumweleza sababu. Sababu ilikuwa hofu: nani atalala karibu naye usiku? Leo ni mtu mzima na bado hunikumbusha. Hofu ile haikuwa ya kipuuzi, maana muuguzi huona mambo ambayo afadhali asingeyaona. Kosa langu ni kwamba sikuinuka kwenda kumwona kiongozi na kumwuliza. Nilifunga mlango badala ya kuuchunguza.

Chama cha skauti duniani kina utaratibu wa kuwalinda watoto, na kiongozi mwema hawezi kukasirika akiulizwa. Ndugu mzazi, kabla hujamruhusu mtoto, nenda mwenyewe ukaulize haya:

1. Kiongozi ni nani, amepata mafunzo wapi, na mkuu wa shule au Baba Paroko anamfahamu?

2. Je, kuna watu wazima wawili au zaidi wakati wote, na mwanamke mmojawapo wasichana wanapokuwepo?

3. Watoto watalala wapi? Mtu mzima asilale katika hema la watoto, na wasichana walale mbali na wavulana.

4. Kuna vyandarua, maji salama na choo? Wasichana wana mahali pa faragha pa kujisafisha siku zao?

5. Zahanati iliyo karibu ni ipi, na usafiri wa dharura ni upi?

Mwambie na mtoto wako: hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mama au baba hapaswi kuijua. Akikuambia jambo, msikilize, usimkaripie. Na simu ya kusaidia watoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Kama mwanao ana pumu, kifafa au selimundu, usimfiche wala usimfungie ndani. Mwone daktari kwanza, kisha mweleze kiongozi waziwazi na umpe dawa zilizoandikwa jina. Mwenye selimundu anahitaji maji mengi, nguo za joto na ruhusa ya kupumzika. Kumficha ndiko kunakoleta hatari.

Wako watakaosema sare ni ghali. Nawaambia viongozi wetu: mtoto aanze na skafu, mengine yatafuata. Na jumuiya ndogo ndogo, pamoja na akina mama wa WAWATA, tuangalie kama tunaweza kuwanunulia wale wasio na uwezo. Tunachangia harusi, tushindwe skafu?

Makundi mengi yako shuleni. Anza kwa kumwuliza mwalimu mlezi wa skauti. Parokia isiyo na kundi iombe ushauri kwa ofisi ya skauti ya wilaya. Nenda Jumamosi moja, kaa kwenye benchi, tazama wanavyofanya. Usipopendezwa na unachokiona, rudi na mwanao. Ukipendezwa, mwache, lakini uendelee kwenda mara kwa mara.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hatujui ni siku gani chai itamwagika, wala nani atakuwa nyumbani. Huenda akawa mtoto peke yake. Mungu azibariki familia zenu.