Dawa ya Nyanya Si Dawa ya Kupe

Vijana wenzangu wafugaji, leo nasema wazi: kumwogesha ng'ombe kwa dawa ya wadudu wa nyanya ili kuokoa hela ya dawa ya kupe ni kuchezea moyo wake. Na sisemi kwa mafumbo.

Moyo wa mnyama una breki. Breki hiyo ni neva iitwayo vagasi, inatoka kwenye ubongo na kushuka mpaka kifuani na tumboni. Ni sehemu ya mfumo wa parasimpathetiki, ule unaoshika usukani ng'ombe akiwa ametulia anacheua. Neva hiyo inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, moyo unapunguza mwendo. Kisha kuna kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo haraka, breki inaachia.

Sasa, dawa za shambani za kundi la organofosfeti, kama profenofosi na klorpairifosi, zinakifunga kimeng'enya hicho. Ndivyo zinavyoua mdudu, na ng'ombe wako naye anacho. Breki inakamata, haiachii: mate yanachuruzika, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka, moyo mara nyingi unapiga polepole. Njia ya hewa inabana na kujaa ute, anakosa pumzi, anakufa.

Najua mtaniambia, "Afisa, mbona hata baadhi ya dawa za kuogesha ni organofosfeti?" Kweli. Ila hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mnyama, na lebo inakwambia uchanganye kiasi gani na maziwa usiyauze kwa siku ngapi. Ya nyanya haikwambii. Na hata hiyo ya kuogesha, ukipima kwa macho, unaweza kuishia palepale.

Jifunze kuhesabu mapigo. Shika mshipa chini ya shina la mkia. Ng'ombe mkubwa aliyetulia huwa na kama 60 hadi 80 kwa dakika. Ukiona dalili nilizotaja, vaa glavu, muoshe kwa sabuni na maji mengi, mpigie daktari wa mifugo na umwonyeshe chupa. Atropini inaachia breki, lakini usimchome mwenyewe: ikizidi, tumbo linasimama na ng'ombe anavimba.

Unajiita mfanyabiashara? Basi linganisha bei ya chupa moja ya dawa ya kupe na bei ya ng'ombe wako wa maziwa, halafu amua.