Kazi za Mikono: Gari jeusi, mashine ya polishi na feza ya likelemba



Juma hili ninajibu ulizo lililotoka katika kikundi kimoja cha likelemba. Mama mmoja ana binti wa miaka 19. Binti anataka kujifunza kuondoa mikwaruzo kwenye rangi ya magari kwa mashine ya polishi. Zamu ya mama ya kupokea likelemba inakaribia, na binti anaomba feza hiyo inunue mashine. Baba mkubwa amekwisha kusema kwamba garaji si mahali pa msichana. Mama anauliza: hii ni kazi ya kweli, ama ni feza ya kutupa mtoni?

Ninajibu hivi: ni kazi ya kweli, na msichana anaiweza. Lakini mashine isinunuliwe kwanza. Inunuliwe mwisho, wakati mkono umekwisha kujua. Nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa maana mama asiyeelewa kazi yenyewe hawezi kujua kama mtoto wake anafundishwa vizuri, ama anafagia tu uwanja wa garaji ya mtu.

Polishi inafanya nini?

Watu wengi wanafikiri polishi inaziba mkwaruzo, kama vile tunavyoziba ufa wa ukuta kwa udongo. Sivyo. Polishi inapunguza. Kila mama aliyesugua sufuria ya aluminyumu kwa mchanga na majivu anaelewa jambo hili. Sufuria inang'aa, majirani wanaisifu, lakini kila siku umeondoa kidogo cha sufuria. Miaka ikipita, chini kunakuwa kwembamba, halafu siku moja panatoboka. Polishi ya gari ni mchanga mwororo sana uliochanganywa na mafuta. Inang'arisha kwa kula.

Sasa, inakula nini? Gari la siku hizi lina tabaka juu ya bati: kwanza rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kuandaa, kisha rangi nyeusi yenyewe, na juu kabisa verni, ambayo haina rangi. Verni ndiyo inayong'aa, na ndani yake mna dawa ya kuzuia jua lisiharibu rangi. Unene wake mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50. Chukueni karatasi moja ya daftari la mtoto: ina karibu mikroni 100. Basi verni yote ya gari ni kama nusu ya karatasi. Huo ndio mtaji wote wa fundi. Akiumaliza, hakuna polishi itakayourudisha. Sherti kupaka rangi upya.

Mkwaruzo ni kama bonde dogo ndani ya verni. Kuuondoa maana yake ni kushusha vilima vya pembeni mpaka vifikie chini ya bonde. Kama bonde si refu, inawezekana. Kama limepita verni na kufikia rangi, ukiendelea utashusha nchi nzima na bonde litabaki.

Fundi anapima namna gani? Kwa ukucha. Anapitisha ukucha polepole kukata mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kushikwa, polishi inaweza kuusaidia. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo pengine ni mrefu mno. Fundi mwema anamwambia mwenye gari: "Huu nitaupunguza usionekane sana, lakini sitaumaliza." Binti akikosa ujasiri wa kusema neno hilo, atafukuza mkwaruzo mpaka atoboe.

Kwa nini gari jeusi ni mtihani?

Rangi nyeupe inarudisha mwanga kila upande, na mikwaruzo inajificha ndani ya mwanga huo. Rangi nyeusi inameza mwanga. Hapo kila mkwaruzo, hata mwembamba kama unywele, unang'aa peke yake. Ndiyo sababu jipu jeusi likisimama kwenye jua la saa sita, mnaona miviringo kama utando wa buibui kuzunguka mwako wa jua.

Na utando huo unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwa mtu aliyeosha gari. Mnajua vumbi letu jekundu. Ndani yake mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko verni. Gari likitoka njia ya Kalima ama ya Kasongo, limejaa chembe hizo. Kijana anachukua kitambaa kikavu anafuta ili lipendeze upesi. Hapo ameandika mikwaruzo elfu moja kwa mkono wake. Mikwaruzo mirefu, inayofuata ubavu wote wa gari, hiyo ni ya matawi na majani makali yanayoingia njiani.

Kwa hiyo somo la kwanza la kazi hii halina mashine. Ni kuosha. Maji mengi kwanza bila kugusa, ili vumbi lishuke. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Unaanza juu, unamalizia chini kwenye magurudumu, na kitambaa cha magurudumu hakipandi tena juu. Kikianguka chini, hakitumiwi mpaka kifuliwe. Wamama, hili ni jambo la usafi wa jikoni tu, na mabinti zetu wanalijua tangu utoto.

Masomo yafuatane hivi

Somo la pili ni taa za mbele. Plastiki ya taa inaungua kwa jua, inakuwa ya manjano, na usiku dereva haoni. Inasuguliwa kwa mkono kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi. Mwishoni sherti ipakwe verni ya kuzuia jua, la sivyo manjano yatarudi. Kazi hii inahitaji vifaa vichache, na binti anaweza kuanza kulipwa nayo. Tangi la pikipiki pia linasafishwa kwa polishi ya mkono, na pikipiki hapa Kindu ni nyingi kuliko magari.

Somo la tatu ni kapo mbovu. Muombe fundi wa bati kapo ya gari lililokufa, nyeusi kama inapatikana. Iwekwe juu ya matofali mawili kivulini. Hapo ndipo binti ashike mashine kwa mara ya kwanza, mashine ya fundi anayemfundisha. Afanye makosa yake yote juu ya kapo hiyo. Aitoboe hata kwa kusudi, aone inavyotokea: kwanza joto, kisha pembe inageuka rangi, halafu bati linachungulia. Aliyeona hivyo mara moja hasahau.

Mwalimu amuonyeshe mambo haya, na mama aulize kama ameyaonyesha:

Kwanza, kazi ifanywe kivulini, juu ya bati lililopoa. Mashine inachoma, na jua likiongezea, verni inalainika.

Pili, pembe za milango, za kapo na za boksi ya nyuma zibandikwe skochi ya wapaka rangi. Pembeni rangi ni nyembamba zaidi, na ndipo wanafunzi wengi wanapotoboa. Plastiki ya mbele na ya nyuma inapata joto upesi kuliko bati.

Tatu, aanze na sponji laini na polishi nyororo, mahali padogo. Kama mkwaruzo haukuondoka, ndipo apande kwenye sponji ngumu zaidi. Anayeanza na kali hawezi kurudisha alichokula.

Nne, eneo liwe dogo, kama sentimita 50 kwa 50. Matone machache ya polishi, ayatandaze kwa mizunguko 600 kwa dakika, kisha apandishe hadi 1000, na mwanafunzi asipite 1500. Mashine itembee daima, kwa mistari inayopandana, na sponji ilale sawa. Ikisimama mahali pamoja, inatoboa. Kila baada ya kupita mara kadhaa aweke kiganja juu ya bati. Kama hawezi kukiacha hapo, aache papoe.

Tano, akimaliza apanguse kwa alkoli ya famasi iliyochanganywa na maji (si lotoko, hiyo iacheni) ili mafuta ya polishi yaondoke. Mafuta yanaficha mikwaruzo. Kuna mafundi wanaopokea feza gari likiwa limepakwa mafuta tu, na likioshwa mara mbili mikwaruzo yote inarudi. Binti yetu asijenge jina lake juu ya hayo.

Kwenye rangi nyeusi kuna hatua moja zaidi. Mashine inayozunguka tu inaacha mawimbi yanayoonekana juani kama moshi. Yanaondolewa kwa sponji laini kabisa na polishi nyororo kabisa, bila kukandamiza. Kuna pia mashine inayozunguka na kuyumba pamoja: ni polepole, lakini haitoboi kwa urahisi, na inafaa mwanafunzi zaidi.

Tena, magari mengine ya zamani hayana verni. Fundi anatambua namna hii: akisugua kidogo kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinakuwa cheusi. Hapo anakula rangi yenyewe, na sherti awe na huruma mara mbili.

Umeme, nguo na mwili

Mashine nyingi za kuzunguka zinaandikwa wati 1000 hadi 1400. Umeme wa hapa tunaujua, haupo kila nyumba wala kila saa. Na ile jenereta ndogo ya wati 650 inayowasha taa na kuchaji simu haitaiendesha. Basi anayenunua mashine bila kufikiria jenereta ya wati 2000 hivi, amenunua nusu ya kazi. Ni sababu nyingine ya kutokimbilia kununua. Bora binti afanye kazi kwanza mahali ambapo umeme upo, na mafuta yahesabiwe katika bei ya kila gari.

Kuhusu mavazi: kitenge kinachoning'inia, nywele ndefu za kusuka, mkufu, vyote vifungwe vizuri. Mashine inavuta. Waya upite juu ya bega, usiburute katika maji ya kuoshea. Macho yafunikwe kwa miwani, na pua kwa kitambaa ama maski, kwa maana vumbi la polishi na la msasa si la kuvuta.

Mapatano kabla ya kugusa gari

Hapa ndipo likelemba inaweza kupotea. Tuseme binti anapewa gari jeusi la arusi ya Jumamosi, anatoboa pembe ya kapo. Kupaka kapo upya kunaweza kumaliza malipo ya magari mengi aliyosafisha. Mwenye gari atakuja nyumbani, na atakayetoa feza ni mama.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, binti azunguke gari pamoja na mwenyewe, mchana, kwa tochi. Waonyeshane kila mkwaruzo, kila mahali palipopakwa rangi mbele, kila kipande kilichoanza kubanduka. Apige picha kwa simu. Waandike kwenye karatasi: utaondoka upi, utapungua upi, utabaki upi, na bei ngapi. Wote wawili watie sahihi. Asiyekubali karatasi, gari lake liende kwingine.

Na wakati binti bado anajifunza, mama apatane na fundi waziwazi: muda ni miezi mingapi, atafundishwa nini kila mwezi, atarudi nyumbani saa ngapi, na gari likiharibika mikononi mwa mwanafunzi nani atalipa. Mapatano haya yafanywe mbele ya mashahidi wawili. Kuhusu lile neno la baba mkubwa, ninasema kwa heshima: mkono unaochambua mchele bila kuacha jiwe ndio mkono unaotakiwa hapa. Kazi hii haitaki nguvu. Inataka subira, na moyo wa kuacha wakati imetosha.

Basi mama, zamu yako ikifika, gawanya feza. Sehemu ya kwanza iwe ya ndoo, vitambaa, msasa, polishi ya mkono na verni ya taa. Sehemu ya pili iwe ya kumlipa fundi wa kufundisha. Iliyobaki iwekwe kikundini. Siku binti atakapokuletea kapo ile mbovu, nyeusi, inakuonyesha uso wako bila utando wa buibui na bila pembe iliyotoboka, hapo kikundi kikae kizungumze juu ya mashine.

Vikundi vingine vyenye maulizo juu ya kazi za mikono, yaleteni kwa mwandishi wa kikundi chenu kabla ya Jumatano. Juma lijalo tutaongea juu ya cherehani ya kukanyaga: namna ya kukagua iliyotumika kabla ya kulipa. Mkae salama.