Vinara wa vijana Karura walipwe

Msimu wa mvua ukianza, misitu ya Nairobi haikosi wageni wa kupanda miche. Kamera huja nao, na huondoka nao. Kazi inayobaki, ya kupalilia na kung'oa gugu vamizi la lantana, huachiwa makundi ya vijana, na ndiyo inayoamua kama mche utaishi.

Karura, msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, sasa una adui asiye na hatimiliki: lantana. Ikikatwa juujuu huchipuka upya. Sharti itolewe na mizizi. Kijana mgeni mwenye panga na haraka anaweza kufyeka mche wa muhugu akidhani ni gugu. Ndiyo maana kila kundi lahitaji kinara anayeyajua majani, anayewapanga wenye mapanga wasikaribiane, na mwenye ubavu wa kusimamisha kazi upepo unapotikisa mikaratusi mizee. (Hilo la mwisho halipendwi na wenye kuhesabu mashimo ya miche.)

Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya asubuhi moja. Hata hivyo, kinara mara nyingi huitwa mtu wa kujitolea, akapewa fulana na nauli. Akipata kibarua cha mjengo, huenda zake, na kundi linaanza upya.

Wafadhili na Huduma ya Misitu ya Kenya watenge mshahara wa kinara, glavu na buti kabla ya kununua mche wa kwanza.