Ushindi 73 bila pete

Aprili 13, 2016, Golden State Warriors waliwafunga Memphis Grizzlies 125 kwa 104 mjini Oakland na kumaliza msimu wa kawaida wa NBA wakiwa wameshinda mechi 73 na kupoteza 9 tu. Rekodi ya Chicago Bulls, ushindi 72 na vipigo 10, ikavunjwa baada ya miaka 20. Miezi miwili baadaye, katika uwanja uleule, Cleveland Cavaliers ndio walioinua kombe. Timu iliyoshinda kuliko zote ikakosa ubingwa, iwekwe daraja gani?

Wanaoitetea hawasemi ovyo. Warriors walianza msimu kwa kushinda mechi 24 mfululizo, tena kocha wao Steve Kerr akiwa nje kwa maumivu ya mgongo na msaidizi wake, Luke Walton, ameshika usukani. Stephen Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu. Kabla ya hapo hakuna mchezaji aliyewahi kufikisha hata 300 katika msimu mmoja. Wanadai pia kwamba Bulls wa 1995-96 walipata mteremko, kwa kuwa mwaka huo ligi iliingiza timu mbili mpya, Toronto na Vancouver. Lakini Toronto hao wachanga waliwafunga Bulls 109 kwa 108.

Utetezi wa uchovu ni dhaifu zaidi. Inasemwa kwamba kuifukuza rekodi kuliwamaliza nguvu Warriors. Curry alicheza mechi 79. Michael Jordan, aliyetimiza miaka 33 katikati ya msimu ule, alicheza zote 82, kisha akaiongoza Bulls kushinda mechi 15 na kupoteza 3 katika hatua ya mtoano. Mchezaji mwenzake, Ron Harper, alikuwa akiwakumbusha wote kwamba ushindi 72 si lolote bila pete ya ubingwa.

Bahati mbaya, hata hivyo, ilikuwepo. Curry aliumia goti katika raundi ya kwanza. Warriors wakiongoza fainali 3 kwa 1, Draymond Green alifungiwa mechi ya tano, na katika mechi hiyohiyo Andrew Bogut akaumia.

Mechi ya saba iliamuliwa na mambo madogo. Zikiwa zimesalia chini ya dakika mbili, matokeo ni 89 kwa 89, Andre Iguodala aliruka kufunga kikapu cha karibu; LeBron James akatokea nyuma yake na kuubamiza mpira ubaoni. Muda mfupi baadaye Kyrie Irving akafunga mtupo wa pointi tatu mbele ya Curry. Warriors, waliozoea kufunga watakavyo, hawakupata pointi hata moja katika dakika nne na nusu za mwisho. Wakalala 93 kwa 89.

Kwa hiyo Bulls wabaki juu: walipata vyote viwili. Rekodi ya 73 ni kipimo halali cha uthabiti wa miezi sita, ila haipimi kinachotakiwa mwezi Juni.

Kerr mwenyewe, aliyekuwa mchezaji wa Bulls wale, anazijua pande zote mbili. Kiangazi hicho Warriors walimsajili Kevin Durant. Msimu uliofuata walishinda mechi 67, pungufu ya 6, kisha katika mtoano wakashinda 16, wakapoteza 1 na kutwaa kombe mbele ya Cleveland walewale.